Siku Bohari Lilipopambana na Jumba

Mwezi uliopita ofisini kwetu Dodoma tuliletewa viti vipya, vimezungushiwa magunia ili visikwaruzane njiani. Wenzangu wakavifungua, wakayatupa magunia pembeni, wakaanza kugombania kile chenye magurudumu. Mimi nikabaki nimeduwaa juu ya magunia. Yalikuwa yamebeba tumbaku kabla ya kubeba viti, na ile harufu, jamani, nyinyi mliokulia Tabora mnaijua: utamu kidogo, ukali kidogo, na inaganda kooni hata ukinywa maji. Nikainama nikanusa. Mhudumu wetu akaniuliza, "Dada, kuna panya?" Nikamjibu, "Hapana, kuna mama yangu humu." Akacheka kwa adabu, kisha akaenda kuwaambia wengine, namjua.

Basi acha niwasimulie nyinyi mtakaonielewa.

Mama yangu alikuwa mshona magunia. Baba alilima tumbaku Goweko na alishinda huko msimu mzima akilinda moto wa bani lake la kukaushia, na sisi wawili tulipanga chumba mjini, Isevya, ili mimi nisome. Gunia la mtu likichanika, watu walisema lipeleke kwa Mama Kabula. Kabula ndiye mimi. Alikuwa na shazia, ile sindano nene ya magunia, na alipenda kuichomeka kwenye kilemba chake, kwa hiyo watu walimsalimia kwa mkono tu, hakuna aliyethubutu kumkumbatia. Kazi za watu zikiisha alishona za kwake. Alishona ng'ombe, alishona ndege, alishona watu wakubwa wasio na sura, akawapaka masizi na udongo mwekundu, akawaanika uani kwenye kamba za nguo.

Majirani hawakupenda. Mama Shija wa chumba cha pili alikuwa akitoka asubuhi na ndoo yake, anakutana na mtu wa gunia ananing'inia, anapiga ishara ya msalaba. "Mama Kabula, sasa hiki nacho kazi yake nini?" Mama alijibu, "Kukauka." Shuleni wenzangu walisema mama yangu anawashonea majini nguo. Nilimpiga mmoja, nikapigwa na wawili, nikarudi nyumbani na kola imeng'oka. Mama aliishona bila kuniuliza, na mimi sikumwambia. Nilimpenda na nilimwonea haya, yote mawili kwa pamoja, na mtoto mwenye mambo hayo mawili kifuani halali vizuri.

Madam akaja wakati huo. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mtu wa pwani, anayetembea na mwavuli hata kiangazi. Kila mtu alimwita Madam, nasi tukamwita hivyo. Alipita uchochoro wetu akitafuta nyumba ya mtu mwingine kabisa, akaona uani kwetu, akasimama mlangoni kwa muda mrefu mpaka Mama akamwuliza kama nguo zimemzibia njia.

"Nani ameshona huyu?" Madam akauliza.

"Mimi. Kwani ana nini?"

"Hana kitu," alisema Madam. "Naomba nikae nimwangalie."

Akaketi juu ya ndoo ya Mama Shija. Alikuwa amepewa kazi ya kufungua makumbusho ya sanaa ya kisasa Tabora, makumbusho ya watu wote, kuingia bure. Yalikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza tuliiita Jumba: ghorofa la zamani karibu na soko, kuta nene, roshani ya mbao, milango ya kuchonga, chokaa mpya. Humo ziliwekwa picha zenye fremu na vinyago vilivyosuguliwa vikang'aa, kazi za watu waliokwisha kupata jina. Ya pili ilikuwa Bohari, ghala la zamani la tumbaku kando ya reli, bati limeota kutu, madirisha yako juu karibu na paa. Humo ziliwekwa kazi mpya, zile ambazo watu walikuwa hawajaamua kama ni kazi. Kati ya nyumba hizo ilipita barabara moja ya vumbi, ile ile waliyopita wapagazi zamani wakienda Ujiji na kurudi pwani. Madam alitaka watu waione nyumba ya kwanza, watembee kidogo, waione ya pili. Alilieleza hilo vizuri tu. Tatizo ni kwamba aliwaeleza watu wa Tabora.

Mama akapewa Bohari. Kiangazi chote alishona humo ndani, na mimi nikitoka shule nilikwenda kumshikia taa na kumtungia uzi. Alitengeneza msafara wa wapagazi. Kila mmoja alikuwa mrefu kuliko Baba, mwili wa gunia uliojazwa mabua makavu ya tumbaku, mti umepita mabegani, mzigo kichwani, na usoni hana macho wala mdomo, ana mshono tu. Waliangikwa kwenye kenchi za paa, wakafuatana kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Walipokamilika niliingia asubuhi moja nikiwa peke yangu, na kabla sijafikiri nikasogea pembeni kuwapisha.

Makumbusho yakafunguliwa. Jumba likajaa siku hiyo hiyo. Mchoraji mkubwa wa huko alikuwa Fundi Mrisho, mtu wa Tabora mjini hasa, aliyechora twiga, machweo na wakubwa wa serikali, na nusu ya mabango ya maduka yetu yalikuwa mkono wake. Watu walijipanga kupiga picha na twiga wake. Bohari lilipata mbuzi. Wachache waliofika walisimama mlangoni, wakatazama kamba nyekundu iliyozungushwa mbele ya wapagazi na kibao kilichoandikwa "Tafadhali usiguse", wakaondoka. Bwana mmoja alisema kwa sauti, "Magunia ya kwetu angalau yana mahindi ndani." Mama alikuwa nyuma ya mlango na alimsikia. Nilimwona akishusha kilemba chake mpaka kwenye nyusi.

Siku nyingine Madam alikuja amekunja mwavuli, akaketi na Mama kwenye kreti. Mimi nilikuwa nyuma yao, nakula karanga.

"Mama Kabula, nisikufiche," alisema. "Bohari hili tumeazimwa. Wenyewe wanalitaka liwe ghala la mbolea. Jumamosi ijayo wanakuja na watu wa baraza la madiwani kuangalia wananchi wanaelekea wapi, huku au kule. Wakikuta huku hakuna mtu, tunalirudisha."

"Na hawa?" Mama aliuliza, akiwaonyesha wapagazi kwa kidevu.

Madam akaufungua mwavuli, akaukunja tena. Mlango wa Jumba ulikuwa mwembamba kwao, na chumbani kwetu asingeingia hata mmoja. Wangefumuliwa. Wangekuwa magunia tena, ya kuuzwa kwa mtu wa mahindi. Mama alikubali kwa kichwa, taratibu, akachomoa shazia kilembani na kuanza kushona mahali ambapo hapakuwa pamechanika.

Lakini mimi nilisikia neno jingine kabisa. Nilisikia kwamba watu watakuja kuangalia wananchi wanaelekea wapi, huku au kule, na moyo wangu ukaruka. Kumbe ni hivyo! Mbona hawakusema tangu mwanzo?

Mliotoka Nzega na Igunga hamhitaji maelezo, lakini wengine wapo, basi nieleze. Mama alizaliwa Ziba, na Ziba baada ya mavuno ngoma hazichezwi moja moja. Makundi mawili yanasimama uwanja mmoja, saa moja, kila moja na ngoma zake na nyimbo zake za kumsema mwenzake. Hakuna mwamuzi wala alama. Watazamaji ndio hukumu. Wanakimbilia huku, wakichoshwa wanakimbilia kule, na jua likielekea kushuka kundi lililobaki na watu ndilo limeshinda, na jingine limebaki likichezea vumbi. Kwa hiyo makundi hayachezi tu, yanaleta vioja: chatu shingoni, mtu juu ya mti mrefu, mnyama wa kutengeneza anayetembea. Babu yangu, baba yake Mama, alikuwa manju huko, yaani mtunzi na kiongozi wa kundi zima. Nilikuwa nimeyaona hayo nikiwa begani kwake. Sasa nyumba mbili, siku moja, na watu wanakuja kuhesabiwa wako wapi? Kwangu haikuwa na maana nyingine. Makumbusho yalikuwa mashindano, Bohari lilikuwa kundi letu, na mama yangu maskini alikuwa anashindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Na Mungu si Athumani, wiki hiyo hiyo Babu akaja mjini kutibiwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho moja lote na la pili nusu, lakini mdomo ulikuwa mzima. Alishuka kwenye basi akilalamika kwamba dereva anaendesha kama anapeleka mayai. Sikumpa hata nafasi ya kunywa maji.

"Shikamoo Babu. Tuna mashindano Jumamosi na tunapigwa."

"Marahaba. Wapinzani nani?"

"Jumba."

"Manju wao?"

"Fundi Mrisho."

"Ana kioja gani?"

"Picha za twiga."

"Wanatembea?"

"Hawatembei. Wamo kwenye kioo."

Babu akatema mate kando. "Twiga wa kwenye kioo," alisema, "na bado mnapigwa?"

Mama alipotusikia alishika kiuno. "Baba, usimsikilize huyu mtoto. Hakuna mashindano. Ni makumbusho."

"Watu wanakuja kutazama?"

"Ndiyo."

"Wakiona pazuri zaidi wanakwenda?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na watakaokosa watu wanavunjiwa uwanja?"

Mama akaachia kiuno.

"Sasa Minza mwanangu," Babu akasema, "umenikatalia nini hapo?"

Nilimpeleka Bohari nikimshika mkono. Mlinzi alipomwona anavuka kamba nyekundu akapiga kelele, "Mzee, imeandikwa usiguse!" Babu akamjibu, "Maandishi siyaoni. Sioni kitu. Ndiyo maana nagusa." Akampapasa mpagazi wa kwanza miguu, kiuno, mabega, akautafuta mzigo kichwani kwa fimbo. Akafika kwenye mshono wa uso, vidole vikakaa hapo. Kisha akamvuta mguu kwa nguvu. Kwa kuwa wote walifungwa kwenye kamba moja, msafara mzima ukaenda, hatua moja mbele, hatua moja nyuma, mabua yakilia ndani ya magunia. Mlinzi alitoka nje mbio.

"Wanatembea," Babu alisema. "Minza amewafunga kwa nini?"

Mimi jambo moja nililijua. Mashindano yanataka wito. Huwezi kumvamia mwenzako uwanjani kama mwizi. Unatuma mtu akamwambie. Kesho yake nikatoka shule moja kwa moja hadi Jumba, sare na vumbi langu, nikamkuta Fundi Mrisho kwenye ngazi akiwaeleza wageni kuhusu machweo.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba mjukuu. Umekuja kuona twiga?"

"Hapana. Babu anasema Jumamosi mjiandae. Sisi wa Bohari tutawachezesha vumbi."

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. "Babu yako nani?"

Nikamtaja. Fundi Mrisho akaweka brashi chini. Kumbe ujana wake aliwahi kufuata ngoma hadi Ziba, kama vijana wengi wa mjini. "Yule mwenye chui?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Chui aliyefunua mdomo uwanja mzima ukakimbia?"

"Huyo huyo," nilisema, ingawa chui sikuwahi kumwona.

Akajinyoosha. "Mwambie nimesikia."

Basi hapo mambo yakawa yamekwisha kuwa mambo. Jioni ile soko zima lilijua. Wauza nyanya waligawanyika, huku Jumba, huku Bohari. Shuleni kwetu darasa la nne likawa Jumba, la tano tukawa Bohari, na mwalimu akatukataza kuimba darasani. Watu ambao hawakuwahi kujali sanaa walisimama barabarani wakibishana kama twiga wa Fundi Mrisho ana shingo sahihi. Fundi mwenyewe aliajiri vijana wa matarumbeta, wale wa harusini. Madam alizunguka mji mzima na mwavuli wake akisema, "Jamani, hatushindani! Ni makumbusho mamoja!" Walimwitikia, "Sawa Madam," halafu wakamwuliza yeye yuko upande gani.

Jumamosi ikafika, na tukaanza kupigwa mapema. Matarumbeta yalisikika mpaka relini. Watu walikuja Bohari, ndiyo, kwa kuwa kwenye mashindano lazima uone pande zote, lakini walichungulia, wakaona kamba, kibao na giza, wakarudi Jumba mbio ili wasikose kitu. Darasa zima la tano lilikuja kuniunga mkono, nao wakaanza kupungua mmoja mmoja. "Nakwenda kunywa maji," mmoja alisema. Maji yalikuwepo hapo hapo. Nililia. Nilikuwa nimeuita mji mzima uje kuona mama yangu anavyoshindwa.

Mama alikaa kwenye kreti, mikono mapajani. Babu alikuwa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti ya matarumbeta. Madam akaja akihema, akasema watu wa baraza wameshafika Jumba na wamefurahi sana, watakuja huku baadaye kidogo. Alisema "wamefurahi sana" kama mtu anayetoa pole.

Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kufunga mlango. Akachukua mkasi wake, akaenda kwenye kamba nyekundu, akaikata. Akakiokota kibao cha usiguse, akampa Madam mkononi, kwa heshima, mikono miwili.

"Mama Kabula," Madam alisema, "wakichanika?"

"Wakichanika nitashona. Ndiyo kazi yangu, Madam. Mpagazi nimemtundika kenchini kama nguo ya msiba. Mpagazi anatembea." Akageuka nyuma. "Baba! Sauti ipo?"

"Haijawahi kuondoka," Babu alisema.

Mama akapanda kwenye kreti akawafungua wapagazi kutoka kwenye kenchi, na walioshuka wakahitaji watu wa kuwabeba. Makuli waliokuwa wanapumzika kando ya reli wakaja kwa kicheko, wakashika miti ya mabegani, wakaona ni myepesi, wakacheka zaidi. Darasa la tano waliobaki tukawashika miguu. Mlinzi akamchukua mmoja na kuomba tusimwambie bosi wake wa kampuni ya ulinzi. Mpagazi wa mwisho akakosa mtu. Madam alimwangalia, akaangalia kibao mkononi, akakilaza chini. Akaazima kanga ya Mama, akajifunga kiunoni, akajiingiza chini ya gunia mwavuli na vyote.

Tukatoka nje. Babu alitangulia, mkono mmoja begani kwangu, na akaanzisha. Sijui ni wimbo gani, nadhani aliutunga pale pale: tumetoka mbali, mzigo ni wetu, nani kasema tumechoka. Sisi tukaitikia. Mara ya kwanza tuliitikia kwa aibu. Mara ya tatu makuli walikuwa wanakanyaga kwa mpigo mmoja, mabua yanalia ndani ya magunia kwa mpigo huo huo, na vumbi la barabara ya zamani likapanda mpaka kwenye mizigo. Ile harufu ya tumbaku iliyokuwa imefungiwa Bohari miaka yote ikatoka na sisi. Wanawake waliotoka kisimani wakatupigia vigelegele bila kujua kwa nini. Mzee mmoja kwenye kiti cha mbele ya duka alisimama, akavua kofia, akasema baba yake alipita hapa hivi hivi, na machozi yakamtoka hadharani. Fundi cherehani akaacha suruali ya mtu kwenye mashine, akatufuata.

Tulipokaribia soko, matarumbeta yalikuwa bado yanapiga. Niliona umati wa Jumba mbele yetu, migongo mitupu. Kisha kichwa kimoja kikageuka. Kisha safu nzima. Wallahi sijawahi kuona kitu kitamu kama kile maishani, na nimeona harusi yangu mwenyewe. Migongo yote ikawa nyuso, na nyuso zikaanza kutujia, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, watoto mbele, akina mama na vikapu vyao nyuma. Watu wakagombania kushika miti ya wapagazi, wakawapapasa, wakawatafuta macho yao, wakaukuta mshono, wakaimba tena. Matarumbeta yakakatika. Mpiga ngoma kubwa akashuka ngazini, wenzake wakamfuata, wakaja wakajipanga nyuma ya Madam na kuudaka wimbo wetu. Bendi ya mpinzani! Babu aliposikia matarumbeta yanamjia alinifinya bega mpaka nikaguta. "Wangapi wamebaki kule?" aliniuliza. "Mmoja, Babu," nilisema. "Fundi Mrisho na twiga."

Fundi alisimama juu ya ngazi. Tulisimama chini, umati ukanyamaza, kwa kuwa hapo ndipo penye kazi. Akashuka taratibu. Alikuwa amevaa suti mpya kabisa kwa ajili ya siku hiyo. Akamzunguka mpagazi wa kwanza, akaushika mshono wa mkono, akauangalia kwa karibu jinsi mtu wa kazi anavyoangalia kazi. Kisha akavua koti lake la suti na kumvalisha mpagazi mabegani. Mji ukalipuka. Kwetu mtu akikutuza namna hiyo mbele ya watu, hahitaji kusema zaidi, lakini Fundi Mrisho alikuwa mtu wa mjini na alitaka neno la mwisho.

"Tumeshindwa," alisema kwa sauti kubwa. "Mwaka huu."

Wale wa baraza walipotafuta wananchi wako wapi, waliwakuta barabarani, kati ya Bohari na Jumba, wakienda na kurudi. Kwenda kuona twiga sasa, kurudi kuwaona wapagazi wakipandishwa tena kwenye kenchi, maana nani angeondoka bila kuona wanalala wapi. Bohari lilijaa mpaka watu wakasimama relini. Bwana mmoja wa mbolea alisikika akisema mbolea haina haraka. Madam, vumbi mpaka kwenye kope, alisema hivyo ndivyo alivyotaka tangu mwanzo, watu watembee kutoka nyumba moja hadi nyingine, ndivyo alivyoeleza kila siku. Tulimwambia, "Kumbe, Madam! Ungesema ni mashindano." Mpaka leo makumbusho yale yana nyumba mbili, na mpaka leo yanashindana.

Makuli walimfuata Babu wambebe juu, kama manju anavyobebwa akishinda. Wakamshika miguu. Yeye akawapiga fimbo za mikononi.

"Niacheni! Mmekosea mtu. Mnamkumbuka chui wa Ziba?"

Wakubwa wakaitikia kwamba wanamkumbuka.

"Nilibebwa kwa ajili ya yule chui, nikazungushwa uwanja mzima. Hamkuuliza nani alimshona. Alimshona huyu hapa, akiwa binti mdogo, kwa gunia la baba yake, na mimi nikakaa kimya juu ya mabega ya watu." Akaelekeza fimbo alikodhani Mama yupo. "Mwenye ngoma ni Minza. Mbebeni yeye."

Mama akasema hapana, hapana jamani, ana shazia kichwani, atamchoma mtu. Hawakumsikiliza. Akaenda juu akishika kilemba kwa mkono mmoja na gauni kwa mwingine, akapiga ukelele wa woga, na ukelele ukageuka kicheko ukiwa bado mdomoni. Kicheko kile sikuwa nimewahi kukisikia. Mama Shija alikuwa anapiga vigelegele mbele ya wote na kumwambia kila aliye karibu naye kwamba anakaa naye nyumba moja. Mimi nilikimbia chini, kati ya miguu ya watu, nikimwangalia mama yangu akipita juu ya kila mtu.

Walipomshusha, kiatu kimoja hakikuwepo. Tulikitafuta mimi na Madam chini ya wapagazi, kwenye vumbi, hadi kwenye reli. Hakikuonekana. Nikamwambia Mama kuna njia ya nyuma ya kwenda nyumbani, fupi, kando ya mfereji, hakuna atakayemwona. Akaniangalia kana kwamba nimesema Kichina.

"Njia ya nyuma ya nini?" alisema.

Akanishika mkono, akamshika na Babu, tukapita katikati ya soko, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, taratibu kabisa, na kila aliyemwita jina alisimama akamwitikia.